Nilienda Kukagua Bwawa la Staa, Nikakuta Geti Limefungwa kwa Kipande cha Kanga

Wadau, hii stori nimekaa nayo muda mrefu. Naiandika leo kwa sababu likizo inakaribia, watu wanaanza kukodi nyumba zenye bwawa la kuogelea, watoto wanaalikwa kwenye sherehe, na kila mtu anapiga picha pembeni ya maji ya bluu. Kabla hujaweka mguu kwenye hayo maji, soma kwanza.

Jina la mwenye nyumba silitaji. Ni mtu mnayemjua, mnamwona kwenye runinga, na hiyo nyumba yake mmeshaiona kwenye picha zaidi ya mara moja. Mkitaka kubahatisha kwenye komenti shauri yenu, mimi sijibu. Tena stori yenyewe haimhusu yeye sana. Mtamjua inayemhusu mkifika mbele.

Mimi ni fundi wa mabwawa ya kuogelea, hapa Dar es Salaam. Sio yule anayechimba na kumwaga zege. Mimi ni yule anayekuja baadaye: napima maji, nafungua pampu, naosha filta, na watu wachache wenye akili huniita kukagua kabla ya kununua au kupangisha nyumba. Kazi hii nimeifanya miaka 14. Nimeingia kwenye nyumba nyingi za wakubwa, nikitokea mlango wa nyuma.

Basi bwana, Alhamisi moja saa nne asubuhi ikaingia simu. Kijana akajitambulisha kuwa ni meneja wa fulani. Jumamosi wana sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa staa, anatimiza miaka miwili, wageni kama themanini na watoto wengi tu. Mpiga picha anataka watoto waonekane ndani ya maji. Akaniambia, "Fundi, njoo mara moja uangalie. Maji yako fresh kabisa, ni bluu. Sisi tunataka tu utuandikie karatasi kwamba bwawa liko salama, kuna mdhamini anaihitaji. Dakika kumi umemaliza."

Nikamwambia sawa, lakini dakika kumi hazitoshi. Akacheka. Nikabeba vifaa vyangu nikapanda bodaboda hadi Mbezi Beach.

Nyumba ni nzuri, siwezi kudanganya. Nyasi zimekatwa, vimiti vya mapambo, viti vya kulalia vyeupe. Bwawa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, upande mmoja kina ni cha kiunoni, upande wa pili mtu mzima anapotea. Lina kama lita 70,000 za maji. Na kweli lilikuwa bluu. Ila fahamu kitu kimoja: marumaru zikiwa bluu, hata maji machafu yataonekana bluu kwenye picha. Rangi ya maji kwenye simu haikwambii chochote.

Mimi huwa sianzi na maji. Naanza na geti. Mtoto wa miaka miwili hauawi na klorini. Anauawa na zile sekunde chache ambazo kila mtu alidhani yuko na mtu mwingine.

Uzio wa pale ulikuwa wa vyuma vyeusi, urefu wake mita 1 na sentimita 20 hivi, kiwango kinachokubalika kwa nyumba nyingi. Geti ndio lilikuwa tatizo. Geti la bwawa linatakiwa lijifunge lenyewe ukiliachia, lijilokie lenyewe, lifunguke kuelekea nje, na loki iwe juu ambapo mtoto hafikii. Lile springi yake ilikuwa imekatika, na loki ilishapata kutu ikabaki pambo. Badala yake kulikuwa na kipande cha kanga, kimechanwa vizuri kama mkanda, kimezungushwa kwenye vyuma na kufungwa fundo tatu. Fundo za kukaza, sio za mchezo. Juu kabisa, ambapo hata mimi ilibidi ninyooshe mkono.

Nikamuuliza meneja nani amefunga. Akasema, "Aah, sijui hawa watu wa ndani. Takataka hizi zinaharibu picha." Akatoa kisu kidogo cha funguo zake akakikata, akakitupa kwenye nyasi.

Pembeni, karibu na mlango wa jikoni, alikuwa amesimama dada wa kazi, mtoto wa staa kiunoni. Binti wa miaka kama ishirini na miwili. Aliangalia kile kipande cha kanga pale chini, halafu akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Akageuka akaingia ndani.

Niliona, lakini nikaendelea na kazi. Hilo nalo nalikiri.

Nikapima maji. Ule mkebe wa kupimia una vichupa viwili, unachota maji kina cha kiwiko, sio ya juu juu. Kimoja kinapima klorini, kingine kinapima pH, yaani maji yameelemea asidi au chumvichumvi ya magadi. Klorini inatakiwa iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Yale maji klorini ilikuwa karibu na sifuri, pH imepita 8. Na pH ikipanda hivyo, hata hiyo klorini ukiiongeza inakuwa kama askari aliyelala lindo: yupo, lakini hafanyi kazi.

Meneja akabisha. "Mbona kunanuka klorini kabisa?" Hili watu wengi hawalijui. Ile harufu kali inayochoma pua na kufanya macho mekundu sio dalili ya usafi. Ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho, mikojo na mafuta ya watu. Bwawa safi karibu halinuki.

Nikatoa sarafu ya shilingi mia mbili nikaitupa kwenye kina kirefu. Nikamwambia, "Kaka, niambie imeangukia wapi." Akainama, akasogea huku na kule. Hakuiona. Maji yalikuwa na ukungu. Mtu akizama pale chini ya watoto ishirini wanaorukaruka, utamwona saa ngapi? Ukisimama ukingoni lazima uone lile tundu la chini waziwazi, na matobo ya mfuniko wake uyahesabu. Huoni, usiogelee. Kipimo hicho hakina gharama na hakihitaji fundi.

Nikauliza pampu inawashwa saa ngapi kwa siku. Mlinzi, mzee mmoja mpole, akajibu, "Saa mbili tu mwanangu, jioni. Tumeambiwa LUKU inakwenda sana." Kwa bwawa la ukubwa ule, maji yote yanahitaji saa sita hadi nane kupita kwenye filta mara moja. Na jua letu la Dar likikaa juu ya maji yasiyo na dawa ya kulinda klorini, linaila ndani ya saa chache. Pampu ya kilowati 1 na kidogo ukiiwasha saa nane ni kama uniti 9. Keki ya sherehe ile peke yake ingelipa hizo uniti miezi kadhaa.

Chumba cha pampu kilinitisha. Ndoo ya klorini ya chenga ilikuwa wazi, imefunikwa na gazeti. Pembeni yake dumu la asidi limepasuka mfuniko. Na nyuma yake jenereta na galoni ya petroli. Klorini na asidi zikikutana zinatoa gesi ya sumu, na ndani ya chumba kidogo kama kile inakuwahi kabla hujafika mlangoni. Klorini ikikutana na mafuta inaweza kuwaka yenyewe, hata bila kiberiti. Vitu hivi vinatakiwa vikae mbalimbali, pakavu, panapopita hewa, na kwenye ndoo ya kuchanganyia unatanguliza maji, dawa inafuata. Usifanye kinyume hata siku moja.

Halafu umeme. Taa za ndani ya bwawa zilikuwa za volti 12, hiyo walipatia. Lakini ile breka ya kulinda mtu asipigwe shoti, yenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa T, nilipoibonyeza haikukata. Kimya. Hiyo breka inatakiwa ikate umeme unapovuja hata miliampia 30 tu. Huku nje watu wa muziki walishaanza kupima waya wa eksitensheni, ukipita mita moja kutoka ukingoni mwa maji.

Hapo nimekaa saa nzima na nusu. Meneja simu mbili mkononi, ameshachoka na mimi. "Fundi, tukuongeze ya soda, umalizie."

Nikamwambia nimebakiza kitu kimoja. Zimeni pampu, naingia ndani.

Mabwawa mengi yana tundu chini, la kunyonya maji kwenda kwenye pampu. Juu yake kuna mfuniko wa plastiki wenye matobo. Wengi hawajawahi hata kuuangalia. Sasa pampu ikiwa inavuta, na tundu ni moja tu, na mfuniko umevunjika au haupo, mwili wa mtu ukiziba lile tundu nguvu yote ya pampu inakuja pale. Mtoto hawezi kujinasua. Na hata wewe baba mtu mzima ukimvuta unaweza kushindwa.

Hii sio hadithi ya vijiweni. Mwaka 2002 Marekani, binti wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alinaswa hivyo kwenye jakuzi. Alikuwa mjukuu wa James Baker, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi ile. Mama yake alimvuta akashindwa. Walikuja kumtoa watu wazima wawili, na alikuwa ameshachelewa. Binti alikuwa anajua kuogelea vizuri. Mama yake akapigania jambo hilo hadi mwaka 2007 ikapitishwa sheria yenye jina la mtoto, inayotaka mifuniko salama kwenye mabwawa ya umma. Familia ile ilikuwa na pesa, jina na watu wakubwa. Mfuniko haujui jina la mtu.

Nikazama. Chini pale tundu lilikuwa moja. Mfuniko ulitakiwa uwe na skrubu mbili, ilikuwepo moja, imelegea. Niliugusa kwa vidole ukazunguka wenyewe kama mfuniko wa sufuria. Robo yake ilikuwa imemeguka. Sarafu yangu niliikuta pembeni yake.

Nikatoka kwenye maji nikakaa ukingoni. Sio kwamba nilichoka. Nilikuwa nimekumbuka.

Mwaka 2016 nilikuwa nafanya kazi chini ya mtu mwingine. Tulitumwa kwenye nyumba moja ya kupangisha, siitaji mtaa wala mji. Niliona mfuniko umepasuka. Nikamwambia bosi wangu. Akasema, "Ule ni ufa mdogo, andika iko sawa, mwenye nyumba anasubiri wapangaji kesho." Nikaandika. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu. Baada ya wiki tatu msichana wa darasa la tano alizama kuokota miwani, nywele zake zikavutwa kwenye ule ufa. Aliyemwokoa ni mlinzi. Hakujua kuogelea, lakini alikuwa na akili ya kukimbilia swichi kubwa ya nyumba akazima umeme wote. Pampu ilipokufa, nywele zikaachia. Yule mtoto alipona. Nilisikia alilazwa siku nne. Mimi sikwenda kumwona, nilikuwa naogopa kuulizwa jina langu.

Hakuna aliyenishitaki. Hakuna hata aliyeniuliza. Lakini tangu siku ile sijawahi kuandika "iko sawa" kwa ajili ya kumfurahisha mtu.

Kwa hiyo nikamwambia meneja: karatasi sikupi. Na nitaandika nyingine, nitaorodhesha kila nilichokiona, nitaweka tarehe na sahihi, nakala nabaki nayo mimi.

Wadau, alibadilika rangi. "Wewe fundi unajua unaongea na nyumba ya nani? Hii kitu imeshalipiwa. Wapambaji wamelipwa, mpiga picha kalipwa. Unataka kumharibia mtu jina kwa ajili ya kiplastiki?" Akatoa noti akaziweka juu ya begi langu. Zilikuwa nyingi kuliko malipo yangu ya siku tatu. Nina kodi ya nyumba, nina ada ya mtoto, sio siri, niliziangalia. Nikazirudisha kwenye meza.

Kelele zikamtoa mwenyewe ndani. Kashuka na dera la nyumbani, hajajipamba, amechoka machoni kama mama yeyote mwenye sherehe keshokutwa. "Kuna nini?" Nikamwamkia, nikamwambia, "Dada, samahani, naomba dakika tano nikuonyeshe kitu." Meneja akadakia kwamba fundi anataka pesa zaidi. Akamnyamazisha kwa mkono.

Nikamwonyesha breka isiyokata. Nikamweleza habari ya mfuniko. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, lakini nilimwona anawaza ratiba. Tulipofika getini akauliza, "Na hapa napo pana nini?"

Nikaokota kile kipande cha kanga kwenye nyasi. Nikasema, "Dada, loki yako ilikuwa hii. Sijui ameifunga nani, lakini kwenye bwawa hili lote ndicho kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi."

Kimya. Halafu sauti ikatoka nyuma yetu, ndogo kabisa.

"Mama, ni mimi."

Yule dada wa kazi. Mtoto bado yuko kiunoni. Akaongea anaangalia chini, anakunja ncha ya kitenge chake. "Mtoto ameshafika pale majini mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa naanika nguo, nikamkuta kwenye ngazi ya juu, maji yamefika magotini. Mara ya pili babu ndiye aliyemdaka. Nilimwambia kaka meneja geti halifungi, akasema atamleta fundi. Ni tangu mwezi wa sita. Ndio nikachana kanga yangu."

Huo ulikuwa mwezi wa kumi.

Staa hakupiga kelele. Nilitegemea angemgeukia yule dada amfokee kwa nini hakumwambia yeye, maana ndivyo ninavyoona kwenye nyumba nyingi. Akamuuliza hivyo hivyo, lakini taratibu: "Mbona hukuniambia mimi?" Dada akajibu, "Mama, wewe ukirudi usiku umechoka. Na niliogopa utaona kwamba simwangalii mtoto vizuri."

Akamchukua mtoto kutoka kiunoni kwa yule dada, akamshika muda mrefu, akaangalia maji. Kisha akamwambia meneja, "Jumamosi hakuna mtu anaingia humu. Geti lifungwe kwa kufuli. Hao wa muziki wahamie upande wa pili, kule kwenye mwembe." Meneja akaanza, "Lakini mpiga picha..." Akamwambia, "Mpiga picha atapiga keki."

Sasa msidhani baada ya hapo mambo yote yalinyooka kama kwenye filamu. Malipo yangu yalichelewa wiki mbili. Meneja yuko palepale kazini, na siku hizi tukikutana hanisalimii. Mfuniko mpya na breka mpya niliweka Jumatatu yake. Springi na loki ya geti vilifungwa na fundi vyuma siku ileile ya Alhamisi, kabla giza halijaingia. Lakini tundu la pili la kunyonyea, ili mvuto ugawanyike, hilo linataka kuvunja sakafu na kumwaga maji yote, na hadi naandika hapa bado wanasema "tutaona mwakani". Nimewaandikia kwenye karatasi. Nakala ninayo.

Picha za sherehe mliziona. Maputo, keki ya ghorofa tatu, watoto chini ya mwembe. Wapo waliouliza mbona bwawa halikutumika, wengine wakasema staa kafulia hana hela ya dawa ya maji. Nilisoma nikacheka, nikaacha.

Ila kilichonibakia moyoni sio hicho. Jioni ile ya Alhamisi nakusanya vifaa, yule dada alinifuata chumba cha pampu. Akaniambia, "Kaka fundi, samahani. Mtoto akidumbukia, mimi nifanye nini? Mi sijui kuogelea."

Fikirieni. Ameachiwa mtoto na lita 70,000 za maji, na tangu aajiriwe hakuna mtu aliyemwambia chochote. Nikakaa naye nusu saa, pamoja na mzee mlinzi. Haya ndiyo niliyowaambia, na nawaambia na nyinyi.

Kwanza, mtoto anayezama hapigi kelele. Hapungi mkono kama kwenye sinema. Anakuwa kimya, kichwa nyuma, mdomo kwenye usawa wa maji, halafu anapotea. Ukiona kimya cha ghafla, angalia maji kwanza kabla ya kuangalia chumbani au chini ya kitanda.

Pili, kama hujui kuogelea, usirukie kina kirefu, mtakufa wawili. Ita watu. Chukua kitu kirefu, fimbo ya ule wavu wa kuokotea majani, ufagio, hata ngazi, umfikie. Tukaichukua ile fimbo kutoka stoo tukaitundika kwenye uzio, nje, ambapo kila mtu anaiona.

Tatu, kama amenaswa chini usimvute tu. Zima pampu. Nikampeleka hadi kwenye swichi, nikaipaka alama nyekundu kwa rangi ya kucha aliyoileta mwenyewe. Nikamwambia aizime na kuiwasha mara tano, hadi mkono uijue.

Nne, mtoto akitolewa hapumui, usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua umpulizie pumzi mdomoni, kisha kandamiza katikati ya kifua, mara 30 kwa pumzi 2, usiache mpaka msaada ufike. Mwingine apige 114, hao ni Zimamoto na Uokoaji, au 112.

Dada alirudia yote, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayesoma tarakimu. Mzee naye akarudia. Kisha akaniuliza, "Na kanga yangu?" Nikamrudishia kile kipande. Akakikunja akaweka kwenye mfuko wa kitenge.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Wengi wao sio wa mabwawa ya marumaru, ni wa mito, visima, maziwa na mabeseni. Lakini mtoto ni mtoto, na maji ni maji.

Kwa hiyo ukienda kwenye nyumba ya kukodi wikiendi hii, au umealikwa kwa mtu mwenye jina lake, usione aibu. Sukuma geti uliachie uone kama linajifunga. Simama ukingoni uangalie kama unaliona tundu la chini. Uliza swichi ya pampu iko wapi. Chagueni mtu mzima mmoja wa kuangalia watoto, asiwe na simu wala bia, abadilishwe kila robo saa. Mwenye nyumba akikasirika, bora akasirike.

Na ukimuuliza mtu kuhusu usalama wa bwawa, usiishie kwa meneja. Muulize dada wa kazi. Muulize mlinzi, muulize anayefagia. Hao ndio wanaoshinda nalo. Na ukikuta geti limefungwa kwa kipande cha kanga, usikikate kabla hujauliza nani amekifunga, na kwa nini.